Kiranja wa Miongozo

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua imenyesha asubuhi na huenda ndiyo imetuaga. Dodoma mvua haina mazoea ya kuaga, inakata tu, na wewe unabaki na mwavuli mkononi hadi Desemba.

Daftari hili nimelinunua leo duka la chini ya ofisi, hapa Area D, kwa sababu hatimaye nina jambo la kuandika. Kwa miaka miwili kazi yangu imekuwa kupokea simu. Wasimamizi wa vituo vya mizani, wa Kibaigwa, Kongwa, Kibakwe na kwingineko, wakikwama kwenye programu yetu ya kupimia mazao, wananipigia mimi. "Dada Aneth, hapa pameandikwa bonyeza sehemu ya juu. Juu wapi?" Nami nafungua mwongozo uleule, nasoma, najiuliza hivyohivyo: juu wapi?

Miongozo yetu kila mmoja una sura yake. Octavian, mwandishi wa programu mwenye haraka kuliko wote, hubana hatua zote kwenye aya moja utadhani anakimbizwa. Mzee Elisante, aliyeanza kompyuta enzi za disketi, haandiki mwongozo, anaandika barua. Mmoja anahesabu kwa namba, mwingine kwa herufi, mwingine kwa nyota. Kibaya zaidi ni kwamba simu ya msimamizi hukata mwongozo ukurasa kwa ukurasa kwa kufuata vichwa vya habari. Kichwa kikiwekwa ovyo, mtu wa watu anafunguliwa ukurasa mtupu, na saa hiyohiyo simu yangu inalia.

Basi leo nimempelekea bosi wetu Miriam programu ndogo niliyoiandika nyumbani. Kazi yake ni moja. Mtu akiingiza mwongozo kwenye ghala letu la pamoja la kompyuta, programu inausoma kwanza. Vichwa viko sawa? Hatua zina namba? Kila picha ina maelezo? Kama ni ndiyo, alama ya kijani, unapita. Kama siyo, nyekundu, rudi ukarekebishe. Haichoki, haina rafiki wala shangazi. Nimeipa jina la Kiranja.

Miriam ameiangalia akaguna.

"Nakupa hadi mahindi mapya yaanze kuingia Kibaigwa," akasema. "Vituo vikifungua msimu bila kutupigia simu kuomba msaada, Kiranja anabaki, na wewe unahama dawati la simu unakaa na waandishi wa programu. Wakipiga, tunamfukuza shule, na wewe unaendelea na simu zako."

Nimekubali hata hajamaliza sentensi.

Jumatano, 16 Aprili

Kiranja ameanza kazi. Ofisi nzima nyekundu.

Alhamisi, 17 Aprili

Octavian amekuja mezani kwangu na kompyuta kaikumbatia. Kwenye kioo Kiranja amemwandikia: "Mstari wa 9: umeruka namba. Rudi nyuma ya foleni."

"Nani kaandika haya maneno?"

"Mimi."

"Kwa hiyo nimesoma hadi chuo kikuu nije kurudishwa nyuma ya foleni?"

Nimemwambia foleni haiangalii cheti. Amerudi, amerekebisha, amepata kijani, na nimemwona kwa macho yangu akitabasamu kabla hajakumbuka kwamba amenuna.

Jumapili, 27 Aprili

Mama kapiga simu kutoka Kibakwe. Tumeulizana habari za nyumbani, za kanisani, za maharage, za jirani, za mbuzi wa jirani. Alipofika kwenye "sasa mwanangu, nilichokupigia ni kwamba" salio likaisha. Nimempigia mimi. Tukaanza upya na salamu.

Jumatatu, 28 Aprili

Leo ni siku ya Mzee Elisante. Kiranja amemrudisha mara nyingi hadi Octavian akaacha kuhesabu akaenda kununua karanga ili atazame vizuri.

Tatizo ni salamu. Kila mwongozo wa Mzee Elisante unaanza hivi, kabla ya kichwa chochote: "Ndugu msimamizi, habari za kazi? Poleni na jua. Na ile mizigo ya jana iliondoka salama? Sisi huku tu wazima." Tena kila kituo amekiandikia nakala yake, yenye swali lake la umbea. Ndiyo kwanza unakuja mwongozo. Kwa kanuni za Kiranja, hakuna neno linaloruhusiwa kukaa juu ya kichwa cha kwanza, kwa sababu kwenye simu maneno hayo yanajaza ukurasa wote wa mwanzo na mtu haoni pa kuendelea.

"Shikamoo mzee," nimemwambia, kwa upole wote niliozaliwa nao, ambao si mwingi. "Hizi salamu ziondoe tu, utapita."

"Marahaba. Siziondoi."

"Lakini mzee, huu ni mwongozo, siyo barua ya posa."

Octavian kapaliwa na karanga. Mzee Elisante akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Mwanangu, huyo mtoto wako anajua kusoma lakini hana adabu. Salamu zina kazi yake."

Najua kazi yake, ni ya kunipigisha simu. Yeye ndiye aliyezunguka vituoni mwezi wa kwanza, baada ya wale matapeli kuwatumia wasimamizi ujumbe wakijifanya ni sisi na kuwaomba maneno ya siri. Tangu arudi anaviona vituo kama watoto wake wa ubatizo. Mbishi huyu! Nimerudi nyumbani nimekasirika hadi ugali umeungua.

Ijumaa, 9 Mei

Nimemkamata Octavian. Kiranja anataka kila picha iwe na maelezo, basi bwana mkubwa ameandika chini ya kila picha, kwenye miongozo yake yote: "Picha nzuri." Picha ya mizani: picha nzuri. Picha ya kitufe cha kuzimia: picha nzuri. Kijani tupu!

Nimecheka hadi nimekaa chini. Kisha nimemwongezea Kiranja kanuni: maelezo yale yale yakijirudia kwenye picha mbili, nyekundu. Ujumbe wake: "Tumekuona." Octavian amepiga saluti. Sasa ameanza kushindana na nafsi yake, anataka apite kwa mara ya kwanza bila kurudishwa, na akipita anagonga meza na kuomba ofisi impigie makofi. Tunampigia.

Jumanne, 13 Mei

Baridi imeanza. Upepo umejaza vumbi kwenye chai.

Ijumaa, 23 Mei

Mzee Elisante ameanza likizo, anakwenda kwao Singida kuvuna alizeti. Ameniachia miongozo yake yote ikiwa nyekundu, kila mmoja na salamu zake kichwani. Mlangoni amegeuka.

"Aneth, namba rekebisha, vichwa rekebisha, nimekupa ruhusa. Salamu iache. Nikirudi tutaongea vizuri."

Nikamwitikia, "Sawa mzee, safari njema, tuletee mafuta." Moyoni nilishaamua kinyume. Mahindi hayamsubiri mtu avune alizeti.

Ijumaa, 30 Mei

Nimefanya! Nimemfundisha Kiranja siyo kulalamika tu bali kusafisha mwenyewe. Amri moja: pita kwenye miongozo yote, panga namba, weka nafasi kati ya aya, futa chochote kilicho juu ya kichwa cha kwanza. Nimebonyeza, nimefumba macho, nimefumbua. Kijani, kijani, kijani, hadi chini! Octavian amenibeba begani akanizungusha ofisi nzima nikagonga kichwa kwenye feni. Miriam amenunua soda. Hata ule mwongozo wa Mzee Elisante, mkubwa kuliko wote, wa kufungua msimu mpya na kubadili neno la siri la kituo, sasa unaanza na hatua ya kwanza papo hapo. Safi, umenyooka, hauna porojo.

Nina uvimbe kwenye paji la uso na sijali.

Jumamosi, 7 Juni

Malori yameanza kuelekea Kibaigwa. Jumatatu ndiyo siku yenyewe. Nimeifuta simu ya ofisi vumbi, kwa kuiaga.

Jumatatu, 9 Juni

Nimechoka, vumbi limejaa masikioni, lakini nisipoandika leo sitaamini kesho.

Asubuhi nilikaa mbele ya simu nikiitazama. Haikulia. Chai ya saa nne ikaja, haikulia. Octavian akainua waya kuhakikisha umechomekwa. Umechomekwa. Nikaanza kucheza, taratibu, mabega tu. Miriam akatoka ofisini kwake, nikadhani anakuja kunipongeza.

"Aneth," akasema, "mizigo iliyopimwa leo iko wapi?"

Tukafungua kompyuta. Hakuna mzigo. Siyo Kibaigwa tu. Kongwa hakuna, Kibakwe hakuna, vituo vyote vimekaa kimya. Mahindi yanamiminika na programu yetu haijapokea hata kilo moja. Hakuna aliyetupigia kwa sababu hakuna aliyejaribu. Nikashika simu. Nilipopiga Kibaigwa, msimamizi akasikia "napiga kutoka ofisini" akakata kabla sijataja jina. Nikapiga tena. Akakata tena.

Miriam akachukua ufunguo wa gari. Tukashika njia ya Kibaigwa. Baada ya Mbande akasema, "Kaza mkanda," na hayo ndiyo mazungumzo yote ya safari.

Kibaigwa ilikuwa inaungua kwa shughuli. Malori mpaka barabarani, madalali wanaitana, wabeba mizigo wanapita na magunia wakipiga kelele mtu asimame pembeni. Katikati ya vurugu hizo, kwenye kiti cha plastiki kando ya mizani, amekaa Mama Anyesi, msimamizi wa kituo, kitenge begani, mguu mmoja kaunyoosha juu ya ndoo, anaandika uzito kwa kalamu kwenye daftari la shule. Simu ya kazi ameifunga ndani ya mfuko wa nailoni utadhani ina ugonjwa.

"Shikamoo mama," nikasema. "Mimi ni Aneth wa ofisini."

"Marahaba, mwanangu." Akanitazama toka juu hadi chini. "Wewe unasalimia. Ule mwongozo wenu hausalimii."

"Mama?"

"Umekuja kwenye simu. Haujasema hujambo, haujasema pole. Hatua ya kwanza: ingiza neno la siri la zamani. Hatua ya pili: ingiza jipya. Loo! Mwizi ndiye hana muda wa salamu." Akageukia lori. "Nimewaambia wenzangu wote kwenye kundi la WhatsApp: jamani, wamerudi wale matapeli, msifuate, pimeni kwa kalamu."

Miriam akauliza, taratibu sana, nani aliwafundisha hivyo.

"Nyinyi wenyewe! Mzee Elisante, mwezi wa kwanza. Alikaa hapo hapo uliposimama. Akasema, mama, mwongozo wetu wa kweli utakusalimia kwanza, na utakuulizia jambo lako. Mimi ananiulizia mguu. Wa Kongwa anamuulizia ng'ombe wake. Wa Kibakwe anawaulizia vitunguu. Usipoulizwa, akasema, ujue siyo sisi."

Niliona aibu na nikataka kucheka kwa wakati mmoja, na vyote viwili vikanitoka kama chafya. Salamu zina kazi yake! Zilikuwa muhuri. Mzee wa watu alitengeneza muhuri usiogharimu kitu, ambao tapeli hawezi kuubuni kwa kuwa hajui mguu wa Mama Anyesi, na mimi nikaufuta kwa kidole kimoja, kisha nikanywa soda. Na alinikataza! Nilimwita mbishi, lakini mbishi nilikuwa mimi.

"Mama, ni mimi nimefuta salamu," nikamwambia. "Mwongozo ni wetu. Wa kweli kabisa."

"Hata tapeli angesema hivyo."

Alikuwa sahihi. Nikampigia Mzee Elisante, nikaweka sauti kubwa. Alipokea akiwa shambani, upepo unavuma kwenye simu. Nilianza kueleza mbio mbio, akanikatiza.

"Aneth, shikamoo yangu iko wapi?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Sasa nipe mama."

"Mbukwenyi!" akapaza sauti mle ndani ya simu, salamu ya Kigogo yenye lafudhi ya Singida, na Mama Anyesi akaangua kicheko kilichowageuza wabeba mizigo. Wakasalimiana. Mguu ukaulizwa, dawa ya mguu, wajukuu, alizeti, mvua zilivyokuwa. Lori likapiga honi, hakuna aliyelijali. Miriam alitaka kusema kitu, nikamshika mkono. Bosi wangu, nimemshika mkono! Hatimaye Mama Anyesi akamwambia Mzee Elisante, "Basi sawa, ni wewe," akarudisha simu kwangu.

"Mzee," nikasema, "nisamehe. Nimeharibu."

"Hujaharibu, umesafisha kupita kiasi. Mimi nami niliweka muhuri bila kumwambia mwenye ofisi, kisha nikaenda zangu kuvuna. Salamu za zamani si zimo kwenye ghala?"

Zimo. Ghala letu halisahau kitu, kila kilichofutwa kinaweza kurudishwa.

"Basi zirudishe. Mimi napigia vituo vingine kutoka hapa. Alizeti haikimbii."

Mama Anyesi akasogeza daftari lake, akanipa kona ya meza na kuagiza chai ya tangawizi. Kuzirudisha salamu ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa Kiranja, kwa sababu kila salamu niliyoirudisha aliikataa: "Maneno juu ya kichwa. Rudi." Nikamtazama mtoto wangu pale kwenye kioo, nikaona alikuwa ananitii mimi tu. Kosa halikuwa kuwa na kanuni. Nilikuwa nimeandika kanuni za kila kitu isipokuwa kile ambacho watu wetu hukitazama kwanza.

Kwa hiyo nimeandika mpya. Kila mwongozo uwe na sehemu ya kwanza yenye kichwa chake, "Salamu", fupi, isizidi ukurasa mmoja wa simu, na chini yake kitufe cha kuendelea. Ndani yake mwandishi ataje jina la msimamizi na aulizie jambo lake. Sehemu hiyo isipokuwepo, nyekundu. Octavian alikuwa ofisini akinisaidia kwa simu, akigawa kila salamu kwenye kituo chake. Nikabonyeza.

Mama Anyesi akaitoa simu kwenye mfuko wa nailoni, akaisogeza mbali na macho ili aone, akasoma kwa sauti: "Mama Anyesi, habari za kazi? Pole na jua. Mguu unaendeleaje?"

Akautazama mguu wake juu ya ndoo.

"Unaendelea," akaijibu simu. Kisha akabonyeza kuendelea, hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kuniuliza hata mara moja. Gunia la kwanza likapanda mizani. Kwenye kompyuta yangu uzito wake ukatokea, halafu Kongwa wakatokea, halafu, jamani, Kibakwe, nyumbani kwetu. Miriam akanywa chai yangu yote bila kujua.

Jumanne, 10 Juni

Vituo vyote vinapima. Mzee Elisante ametuma picha akiwa juu ya rundo la alizeti, simu sikioni, mdomo wazi.

Jumatano, 11 Juni

Nilisahau jambo moja. Sharti la Miriam lilikuwa simu.

Leo imelia toka tunafungua mlango. Miriam ametoka, amesimama nyuma ya kiti changu, mikono kaifunga kifuani.

"Weka sauti kubwa," akasema.

Nikaweka. Alikuwa msimamizi wa Kongwa.

"Haloo dada Aneth! Mzee kaniulizia ng'ombe. Mwambie kazaa jana, jike!"

"Hongera. Na mwongozo, umekwama wapi?"

"Kukwama? Huo nilishaumaliza juzi, tunapima. Nilikuwa najibu salamu tu. Mtu akikusalimia unanyamaza?"

Akakata. Ikalia tena. Kibakwe: vitunguu vimekubali, asanteni kwa kuuliza. Ikalia tena. Mama Anyesi: mguu umelala vizuri, na yule binti mwembamba aliyekunywa chai ya mwenzake hajambo? Miriam akageuza uso dirishani, mabega yanatetemeka. Octavian alikuwa tayari chini ya meza akigalagala.

"Hizo ni simu," Miriam akasema alipopata sauti.

"Ni simu, bosi. Ila si za kuomba msaada."

Akaingia ofisini kwake bila kutoa hukumu.

Jumatatu, 16 Juni

Mzee Elisante amerudi, na lita tano za mafuta. Nimempigia shikamoo mpaka amenizuia. Amekaa, ameandika mwongozo mpya wa kupima alizeti, ameuingiza. Kijani, bila kurudishwa hata mara moja. Ameitazama ile alama muda mrefu.

"Huyu mtoto amelelewa sasa," akasema. Octavian ameomba makofi kwa niaba yake. Mzee ameinama kidogo, kama mwanakwaya.

Alhamisi, 26 Juni

Miriam bado hajasema. Simu inalia kwa salamu. Nazijibu zote, lakini moyo uko juu. Mama anasema Mungu hachelewi. Nimemwambia Mungu hachelewi, ila Miriam je?

Jumatatu, 30 Juni

Baridi kali, jua zuri. Nimefika nikakuta Octavian na Mzee Elisante wamesimama mlangoni kwa Miriam wakiziba midomo. Ndani, bosi wetu anaipigia kompyuta kelele.

"Aneth! Njoo umwondoe huyu mtu wako!"

Nikaingia. Alikuwa anaingiza tangazo kwenye ghala la pamoja, kati ya miongozo ya ofisi, ili lipite kwa Kiranja kama kazi ya mtu mwingine yeyote. Kiranja alikuwa amelikataa. Nikasoma kwenye kioo, kwa maneno yangu mwenyewe: "Mstari wa 1: hujasalimia. Toka nje, upige hodi."

Chini yake ndipo nikaona tangazo lenyewe. Kuanzia kesho, Aneth si wa dawati la simu tena. Anakaa na waandishi wa programu, na miongozo yote iko chini yake, pamoja na Kiranja. Simu tutapokea kwa zamu, wote, akiwemo Miriam.

Nilitaka kupiga kelele, lakini tangazo lilikuwa bado jekundu.

"Lipitishe kwa nguvu," Miriam akasema. "Si unaweza?"

"Naweza, bosi. Lakini sitaki."

Mzee Elisante akakohoa mlangoni. Miriam akanitazama, akamtazama, akavuta kiti. Akaandika kwa vidole viwili, polepole, sote tukisoma nyuma ya bega lake: "Aneth, habari za asubuhi? Pole na baridi. Mama hajambo huko Kibakwe?"

Kijani.

"Hajambo, bosi," nikasema, na hapo ndipo nilipoanza kulia. "Anakusalimu sana."